Breki za Treni na Breki za Motokaa



Kamati imetuomba sisi watu wa karakana ya reli tuseme machache juu ya kutunza motokaa. Huenda wako wanaojiuliza, watu wa reli wana habari gani na motokaa? Kazi yao ni gari la moshi. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza, maana ndani ya jibu lake ndimo lilimo jambo lenyewe tulilokuja kulisema.

Treni haiondoki stesheni kwa sababu tu dereva ameketi mahali pake na saa imefika. Kwanza mabehewa hukaguliwa. Zamani palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele, lakini lenye ufa hutoa sauti butu kama chungu kilichopasuka. Kisha breki hujaribiwa. Dereva hupunguza upepo katika bomba, na huko mwisho wa treni hutazamwa kama upepo umepungua vile vile na kama breki zimeshika. Zisiposhika treni haiendi, hata kama ndani yake yumo bwana mkubwa wa namna gani.

Breki hiyo ya upepo ilitengenezwa na Mmarekani aitwaye George Westinghouse katika miaka ya 1870, na werevu wake ni huu. Chini ya kila behewa mna tangi la upepo. Upepo ulio katika bomba kubwa, litokalo kwenye injini mpaka behewa la mwisho, ndio unaozizuia breki zisishike. Bomba likipasuka, au mabehewa yakikatika njiani, upepo hutoka, na hapo hapo matangi husukuma breki zikabana magurudumu. Maana yake, kitu kikiharibika treni husimama yenyewe.

Wenye reli hawakuukubali mpango huo kwa hiari yao wote. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ayalandi, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili pamoja na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili ili injini ipandishe kipande kimoja kwanza. Mabehewa yaliyoachwa nyuma hayakuwa na breki za kujishika zenyewe. Yakaanza kurudi polepole, kisha mbio, mpaka yakagongana na treni nyingine iliyokuwa ikija nyuma. Watu 80 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzilazimisha treni za abiria ziwe na breki zinazojishika zenyewe. Wafanyakazi walikuwa wakilipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi, lakini lilingoja kaburi la watoto.

Sasa itazameni motokaa. Unapokanyaga breki, mguu wako unasukuma oili katika silinda ndogo iliyo mbele yako, na oili hiyo hupita katika vibomba vyembamba mpaka kwenye magurudumu, ikasukuma breki zikabana. Basi kibomba kikitoboka, oili hutoka, na hakuna kitu kitakachosukuma chochote. Treni ikipoteza upepo wake husimama, lakini motokaa ikipoteza oili yake huendelea. Hiyo ndiyo tofauti, ndugu zetu, nayo ndiyo iliyotuleta mbele yenu. Motokaa haina mtu wa nyundo, wala haina mtu wa kutazama breki kule nyuma, wala haijui kusimama yenyewe. Kazi ya watu wale wote imewekwa juu ya mtu mmoja, yule mwenye ufunguo.

Kweli magari mengi ya siku hizi yamegawiwa njia mbili za oili, ili moja ikitoboka nyingine ibaki na magurudumu yake mawili. Ni jambo jema. Lakini gari lenye nusu ya breki huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama, na katika Jogoo Road saa kumi na mbili ya asubuhi nafasi hiyo huna. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza huwafundisha madereva kwamba gari dogo zima, kwenye barabara kavu, likienda kilomita 48 kwa saa husimama baada ya mita 23. Likienda kilomita 80 ni mita 53. Hayo ni ya gari zima na dereva aliye macho. Ongezeni ninyi wenyewe kwa tairi zilizoisha, kwa mvua, na kwa dereva aliyetoka kazi ya usiku.

Wala msidhani twajisifu. Tarehe 24 Juni 2002, huko Tanzania, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilishindwa na mlima ikarudi nyuma, ikaenda kasi mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ilikuwa miaka 113 baada ya Armagh, na breki za upepo zilikwisha kuwa jambo la kawaida duniani kote. Kwa hiyo hata breki yenye werevu haiwezi kujitunza yenyewe, na kama ni hivyo kwa treni, sembuse motokaa ya mtu aliyenunua kwa mkopo, akafundishwa kuendesha kwa wiki chache, na hakuna aliyemfundisha kufungua boneti.

Makongeni na Muthurwa zilipojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, mtu alikwenda kazini kwa miguu au kwa baisikeli, na hakuna aliyewaza mahali pa kuweka motokaa. Leo mambo ni mengine. Mwanachama wa Umoja, wa Kayole, wa Donholm au wa Buruburu huweka akiba katika ushirika, huchukua mkopo, na hununua gari lililokwisha kutumika Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Basi huingia likiwa na miaka saba, na hapa kwetu huongezewa mingine kumi au kumi na mitano ya vumbi, mashimo na matuta. Mchana linampeleka mwenyewe kazini, jioni linabeba abiria ili mkopo ulipike, Jumapili linakwenda shamba na magunia nyuma. Gari hilo ni mali kubwa kuliko zote alizo nazo. Walakini wengi wetu hulitazama siku mbili tu, siku ya kulinunua na siku linapokataa kuwaka.

Twajua sababu yake. Mtu hudhani kutazama gari ni kazi ya fundi na fundi ataka fedha. Mengi tutakayoyasema hayana gharama hata senti moja, ni macho, masikio na dakika tano kabla ya kutoka.

Anzeni chini ya gari. Usiku tandazeni boksi la karatasi lililofunuliwa, au magazeti makuukuu, chini ya injini na karibu na magurudumu. Katika ploti nyingi za mitaa yetu ardhi ni udongo na hunywa kila kitu, kwa hiyo bila boksi hamtaona neno. Asubuhi litazameni. Maji safi yasiyo na rangi wala utelezi, ikiwa gari lina mashine ya baridi, hayana neno. Maji ya kijani, mekundu au ya waridi yametoka katika rejeta. Oili nyeusi au ya kahawia chini ya katikati ya injini ni oili ya injini. Lakini mkiona alama ya oili nyepesi, ya manjano hafifu au ya hudhurungi, upande wa ndani wa gurudumu au chini ya mahali pa miguu ya dereva, basi siku hiyo gari halitoki. Hiyo yaweza kuwa oili ya breki. Pandeni matatu, pandeni treni ya Makadara, nendeni kwa miguu, na fundi aje hapo gari lilipo.

Kisha jaribuni pedali yenyewe. Kabla ya kuwasha injini, kanyageni breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Shikilieni mguu hapo hapo, washeni injini. Pedali yapasa kushuka kidogo chini ya mguu, na hiyo ni dalili kwamba kile chombo kinachousaidia mguu kinafanya kazi. Halafu, injini ikiwa inawaka, endeleeni kukanyaga kwa nguvu zile zile muda wa dakika moja. Pedali ikisimama imara, vyema. Ikizama polepole kuelekea sakafuni, oili inapita mahali isipotakiwa kupita, hata kama boksi lenu ni kavu kabisa. Na pedali ikiwa laini kama sifongo, mna hewa ndani ya vibomba. Wako madereva waliozoea kuipampu mara mbili mara tatu ndipo ishike, na husema, "Hili gari langu ndivyo lilivyo, nalijua." Mtu huyo hajui gari lake. Anajua ugonjwa wake tu, na siku mtoto atakaporuka barabarani hatapata nafasi ya kupampu mara tatu.

Jambo la mwisho kwa breki ni kuzijaribu mwendo ukiwa wa mtu atembeaye, kabla ya kufika barabara kubwa. Songeni hatua chache ndani ya mtaa, kanyageni. Gari likivuta upande mmoja, breki za upande mmoja zafanya kazi kuliko za upande wa pili. Likisaga kama chuma juu ya chuma, zile pedi zimekwisha na sasa mnakula sahani yenyewe, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya pedi. Pedi ikibaki unene wa milimita 3 ibadilishwe, msingoje ilie.

Oili ya breki ina chupa yake ndogo chini ya boneti, yenye mistari miwili. Oili ikae kati ya mistari hiyo. Ikishuka, kwanza tafuteni imekwenda wapi, ndipo muongeze. Oili hii ina tabia ya kunywa maji kutoka hewani, hata kama kifuniko kimefungwa. Ile inayoandikwa DOT 4, ikiwa mpya, haichemki mpaka ipite digrii 230. Ikiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye digrii 155 au karibu nazo. Ikichemka hufanya mapovu, na mapovu hubonyea, kwa hiyo mguu huenda mpaka sakafuni bila breki kushika. Jambo hili hutokea kwenye mteremko mrefu wakati breki zimepata moto, yaani wakati ule ule zinapotakiwa zaidi. Basi ibadilisheni yote kila miaka miwili. Na msimruhusu mtu yeyote, hata awe fundi mwenye sifa kutoka Gikomba mpaka Kariobangi, kujaza oili ya injini katika chupa ya breki. Huvimbisha mipira iliyomo ndani, na hasara yake ni kubadilisha karibu kila kitu.

Tuje kwenye tairi. Mtu hutazama tairi akaona ni nyeusi na ina upepo, akaridhika. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo vya mpira. Meno ya tairi yakiisha mpaka yakawa sawa na vijinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, nacho ndicho kipimo ambacho sheria ya Uingereza huwakataza magari madogo kwenda chini yake. Tairi kipara kwenye barabara yenye maji hupanda juu ya maji kama mtumbwi. Wale waliopita Outer Ring Road wakati wa mvua za Aprili wanaelewa twasema nini.

Umri wa tairi nao umeandikwa, ingawa wauzaji wengi hawapendi mjue kuusoma. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mtakuta mwishoni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa ni 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Twawaomba msomapo leo mkienda nyumbani mkatazame. Wengine watakuta tairi waliyouziwa kwa jina la "mpya kutoka Japani" imezaliwa kabla ya mtoto wao aliye darasa la tano. Tairi kuukuu yaweza kuwa na meno mazuri kabisa, kwa kuwa ililala bohari, lakini mpira umekauka na una nyufa ndogo ubavuni. Ipindeni kidogo kwa kidole, mtaziona.

Upepo hupimwa tairi zikiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya safari. Kipimo kimebandikwa kwenye mlango wa dereva, na kwa magari madogo mengi ni kati ya pauni 30 na 35. Kijana wa kituo cha petroli atawauliza, "Niweke ngapi?" nanyi mkimjibu "Weka tu," ataweka tu. Tena baada ya kutengenezewa pancha kazeni nati za gurudumu wenyewe, na mwendapo kiasi cha kilomita 50 zikazeni tena. Kwenye reli hakuna bolti inayoaminiwa kwa sababu aliyeikaza ni mtu mwema.

Oili ya injini na maji ya rejeta wengi wenu mnayajua, tutapita upesi. Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare na injini imepumzika. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko juu, maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 94 au 95 tu, lakini yaliyofungiwa ndani ya rejeta huvumilia moto mkubwa kuliko huo bila kuchemka. Mara kifuniko kifunguliwapo hulipuka yote kwa pamoja usoni pa mtu. Ngojeni nusu saa. Aliyechelewa kazini atakatwa mshahara wa saa moja, lakini ngozi ya uso hairudishwi na idara yoyote.

Taa. Taa za breki huwezi kuziona ukiwa kitini, na ndiyo maana magari mengi ya mitaa yetu hutembea bila hata moja. Rudisheni gari karibu na ukuta au geti wakati wa giza, kanyageni breki, mtaona wekundu ukutani. Msimwite mtoto asimame nyuma awatazamie. Na hapa hapa tuseme neno la watoto, kwa sababu linatuuma. Katika mitaa yetu uwanja wa kuchezea na mahali pa kuweka gari ni pamoja. Mtoto huchuchumaa nyuma ya gurudumu akicheza gololi, na dereva aliye kitini haoni chochote kilicho chini ya kioo cha nyuma. Kabla ya kuingia garini lizungukeni lote kwa miguu. Hili halina uhusiano na ufundi, halihitaji spana, nasi twaliweka juu ya yote tuliyoyasema. Mkilizunguka mtaona pia kama vioo vya pembeni vingali mahali pake, maana Nairobi vioo hivyo hulala kwako vikaamkia sokoni. Wengi huchora namba ya gari juu yake, nalo ni jambo la busara.

Tena msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Twawaona vijana wa jua kali wakilala chini ya gari juu ya jeki na jiwe moja. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Wekeni stendi za chuma, na kama hamna, magogo mazito chini ya fremu, na zuieni magurudumu yaliyobaki chini. Kwa karakana za reli jambo hili ni amri, na amri hiyo haikuandikwa kwa wino peke yake.

Juu ya spea. Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, ina kila kipande cha kila gari, na mafundi hodari sana, hatuwatukani. Lakini pedi za breki za bandia zipo, na oili iliyotiwa katika kopo la jina kubwa ipo. Ushauri wetu ni mmoja, kwamba kioo cha pembeni, kitasa au bampa nunueni popote bei inapowapendeza. Pedi, vibomba vya breki, mipira ya silinda na ncha za usukani nunueni kwenye duka linaloandika risiti yenye jina lake, na risiti mwekeni. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti amekwisha kuwaambia bei ya kweli ya kitu chake.

Sasa twataka kusema na wale ambao gari si lao. Kati yetu wako madereva wa malori, wa magari ya kubebea wafanyakazi, wa magari ya kampuni. Hawa ndio walio katika hatari zaidi, kwa sababu gari ni la mwajiri, savisi ni ya mwajiri, lakini polisi akifika humwuliza yule aliye kwenye usukani.

Mwenzetu mmoja aliacha reli akaenda kuendesha lori la kampuni moja, jina lake tunaliacha. Asubuhi moja pedali ilikuwa laini. Akamwambia nyapara. Nyapara akamjibu apeleke mzigo kwanza, gari litatazamwa jioni, na kama hataki kuna watu kumi nje ya geti wanaotaka. Maneno hayo ninyi nyote mmewahi kuyasikia kwa sauti mbalimbali. Mwenzetu hakugombana naye. Alichukua daftari yenye karatasi ya kunakili, akaandika tarehe, saa, namba ya lori, na maneno haya, "Breki laini, pedali inazama," akamwomba nyapara atie sahihi kwamba ameambiwa. Nyapara aliitazama karatasi ile kitambo, hakutia sahihi, akamwita fundi. Masta silinda ilikuwa imekufa.

Hayo aliyajifunza reli. Kwa desturi ya reli dereva anayemaliza zamu huandika makosa ya injini yake kitabuni, na atakayefuata husoma kabla ya kupanda. Kitabu hakisahau, wala hakisemi kesho kwamba hakuambiwa. Sheria nayo iko upande wenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe mkubwa wake hatari kubwa anayoiona kazini, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Twawaomba wajumbe wa kila mahali pa kazi wadai kitabu cha makosa ya magari, chenye nakala mbili, moja ya mwajiri na moja ya dereva. Mwajiri mwema hatakataa, maana kinamlinda na yeye. Akikataa, leteni habari ofisini kwa maandishi.

Na ninyi madereva wenyewe, kuna jambo ambalo hakuna nyapara anayewalazimisha. Kule Salgaa, katika barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret, madereva wa malori walipata sifa mbaya ya kuweka nyutro wakati wa kuteremka ili kuokoa dizeli. Lori likiwa nyutro injini hailishiki tena. Uzito wote huangukia breki, breki hupata moto, na zikipata moto hulegea. Dizeli iliyookolewa huuzwa kwa fedha kidogo. Nao wanaokufa si wenye malori. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawaparamia watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza vitu vyao na kungoja magari, wakafa zaidi ya 50. Hatusemi kila ajali ni ya breki, wala kila ajali ni ya nyutro. Twasema kwamba kando ya kila mteremko wa nchi hii pana mama anayeuza viazi.

Walio wengi hapa hawana gari lolote, wao hupanda matatu. Hata ninyi mna macho. Waziri John Michuki alipotoa kanuni zake, zikaanza kushika mwezi wa Februari 1996? La, mwenzetu hapa amesema vibaya jana tulipokuwa tukijiandaa, ni Februari 2004, matatu zote zilitakiwa kuwa na mikanda ya viti na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80. Mikanda mingi imebaki, mingine imekuwa kamba ya kufungia mzigo. Kabla ya kupanda tupeni jicho kwenye tairi ya mbele. Ikiwa kipara ngojeni inayofuata. Makanga atawacheka, mwacheni acheke. Abiria watano wakikataa gari moja kwa sababu hiyo hiyo, jioni mwenye gari atapata habari.

Ndugu Mwenyekiti, tumepewa nusu saa nasi tumeipita. Hapo nje kuna gari la mwanachama, yeye mwenyewe ametupa ruhusa, na tumekwisha kuweka boksi chini yake tangu mkutano ulipoanza. Tumeleta pia kipimo cha upepo na taa ya mkono. Wenye maswali waulize huko huko tukiwa tumefungua boneti, na kila mmoja atakayetaka ataingia kitini aijaribu ile pedali kwa dakika moja. Tafadhalini tusisukumane mlangoni, na watoto wakae upande huu wa ukuta.